Mto una kingo mbili, wadogo zangu

Wiki hii nimewakuta vijana wawili wapya wakichota sampuli ya maji ya mto Ngerengere kwa kamba, wamesimama juu ya daraja, buti zao safi kama za dukani. Moyo uliniuma. Wapole, wana bidii, na wanaanza pale pale nilipoanzia mimi. Basi sikilizeni.

1. Chupa ya sampuli ya kupima kemikali isuuzeni mara tatu kwa maji ya mto. Ya bakteria msiisuuze kabisa. Iwekeni kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 6.

2. Msifuate kivuli. Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa kupima mto mmoja, chini kidogo ya mahali kijito cha maji machafu kinapoingia. Jua lilikuwa kali. Ukingo wa kulia ulikuwa na mkuyu na njia nzuri. Wa kushoto, matete na tope la magotini. Nikajaza chupa zangu zote chini ya mkuyu. Majibu ya maabara yakatoka mazuri, nikaandika kwamba maji hayajaathirika, nikasaini.

Mto haukorogwi kama uji. Maji ya kijito yakishaingia hutambaa na ukingo wake, na kwenye mto mpana uliotulia yanaweza kwenda kilomita kadhaa kabla ya kuchanganyika. Uchafu wote ulikuwa unapita kushoto, na kushoto ndiko kina mama walikochota. Niliporudi baada ya miezi miwili, mama mmoja alinishika mkono akanipitisha kwenye matete mpaka majini. Povu, harufu, rangi ya chai ya rangi. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulipima maji ya nani?" Sikuwa na jibu. Nilipima upya, kingo zote mbili na katikati, nikaandika ripoti ya kuifuta ile ya kwanza. Lakini miezi miwili watu walikunywa kwa kuiamini saini yangu, na hilo halifutiki kwa ripoti.

3. Kushoto kwa mto ni kushoto kwako ukitazama maji yanakokwenda. Kila mwaka nalisema hili!

4. Mvua ya kwanza ya vuli msiikimbie. Kinyesi, mbolea na oili ya gereji hulala juu ya ardhi kiangazi chote, mvua hiyo ikavizoa kwa mkupuo pamoja na udongo wa miteremko ya Uluguru, na fosforasi ikiwa imeng'ang'ania kwenye udongo huo. Ukipima Agosti tu, hujaupima mto. Na Ngerengere haiishii Morogoro. Inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam.

5. Zile mita 60 kutoka ukingoni, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazikinga na shughuli za kuudhuru mto, zipimeni kwa tepu, na mwenye shamba mwombeni ashike ncha ya pili. Mzee mmoja aliyelima mahindi hadi majini alinishikia, akahesabu mistari yake iliyokuwa ndani ya mita hizo, akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza matete hupandwa mwezi gani.