Muulize Fundi: Zote Zinakufa Upande Mmoja

SWALI: Fundi, shikamoo. Mwaka huu nimeshanunua hedifoni za kuchomeka masikioni mara tatu, na zote zimekufa upande mmoja. Nasikilizia mihadhara niliyorekodi, muziki usiku, na simu mbili tatu kwa siku. Mwenzangu ananishawishi ninunue zisizo na waya, zenye besi nzito na za kuzima kelele. Mfuko wangu mdogo. Nichukue zipi?
Mwanafunzi wa chuo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujaniambia unazihifadhije, ila nabahatisha: mfukoni, zimezungushiwa simu. Nimeshafungua nyingi sana mezani kwangu, na mara nyingi spika naikuta nzima kabisa. Kilichokatika ni nyuzi za shaba nyembamba kama nywele, pale waya unapoingilia kwenye pini au kwenye kijumba cha sikio. Basi ukifika dukani, kabla hujauliza sauti, shika pini. Shingo yake iwe na mpira unaopinda kidogo kidogo, siyo waya uliochomoza tu kwenye plastiki ngumu. Ukipata ambazo waya unachomoka kwenye hedifoni zenyewe, hizo ndizo ningechukua mimi. Siku ukikatika unabadilisha waya peke yake.

Maandishi ya boksi yasikusumbue. “Hz 20 hadi 20,000”, yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde, karibu wote huandika, maana ndio upeo wa sikio la kijana. Hayakwambii kama sauti zote hizo zinatoka kwa usawa. Wala spika ya milimita 12 hailazimiki kuishinda ya milimita 8. Omu, yaani kipimo cha ukinzani wa hedifoni kwa umeme, ndizo za kusoma: 16 hadi 32 simu inazimudu. Ukiuziwa za studio za omu 250 kwa bei ya kutupa, simu yako itazinong’onea tu.

Sasa hiyo besi. Kwa hedifoni za kuchomeka, besi iko kwenye vimpira vinavyoingia sikioni. Kimpira kisipoziba sawasawa, besi yote inavuja, unabaki na sauti ya kibati. Mimi, fundi mzima, niliwahi kuzifungia droo hedifoni zangu miezi kadhaa nikizitukana, kumbe sikio langu la kushoto linataka kimpira kikubwa na la kulia cha kati. Jaribu saizi zote, kila sikio peke yake. Visipoziba unapandisha sauti ili ufidie, na hapo ndipo masikio yanapoumia: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa usalama ni saa 40 kwa wiki kwa desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini kwa desibeli 90 ni saa 4 tu.

Kimpira kinachoziba vizuri kinapunguza pia kelele, bila betri. Mitambo ya kuzima kelele ya bei ya chini hupunguza mngurumo, kama wa feni au injini. Jirani anayepiga soga utaendelea kumsikia. Na zisizo na waya zina betri ndogo zinazochoka, nyingi hazifunguki bila kuvunjwa. Kwa mfuko wako, nunua za waya. Simu ikiwa haina tundu la pini, tafuta kiunganishi chenye chipu yake ya sauti ndani, kwa sababu vile visivyo na chipu havikubali kwenye kila simu. Kwa kuwa unapiga simu, hesabu pete nyeusi kwenye pini: 3 ina maiki, 2 haina.

Kuzijaribu usitumie wimbo atakaokuwekea muuzaji. Weka mhadhara wako. Sauti ya mwalimu unaijua. Ikitoka kama yumo ndani ya mtungi, au kila “s” inakuchoma sikio, zirudishe. Kisha tikisa pini huku inacheza. Ikikwaruza, hizo zimeshaanza kufa kabla hujazilipia.

Na zile tatu umezitupa? Kama bado, zichomeke, ukunje waya taratibu kuanzia kwenye pini kwenda juu. Sauti ikija na kupotea karibu na pini, umeona jeraha lilipo. Fundi atakata sentimita chache, aunguze rangi iliyopakwa kwenye nyuzi maana bila hivyo risasi ya kulehemu haishiki, alehemu pini mpya. Ni kazi ya nusu saa. Ila ikikatikia kwenye kijumba cha sikio, mara nyingi kimegundishwa. Hizo waachie watoto wachezee.