Sala ya Jioni na Majina ya Watu

Wazazi wenzangu, mkitaka sala ya nyumbani ifike kwa wajukuu, msihangaikie urefu wake. Tajeni watu kwa majina.

Nyanya aliyetulea hapa Goma hakujua kusoma. Baada ya chakula, makaa yakiwa bado mekundu kwenye mbabula, alituita mkekani na kuanza na walio mbali: mjomba aliyekwenda kuchimba Walikale, binti aliyeolewa Minova, mtoto wake aliyezikwa Masisi. Ukoo wetu tuliujulia hapo, hata wale ambao hatujawahi kuwatia machoni. Alimtaja pia jirani waliyegombana kwa ajili ya mpaka wa parseli, wala hakumsema vibaya. Kesho yake tulitumwa kwa jirani huyo huyo na bakuli la sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa. Mimi naamini lile bakuli ndilo lililotufanya tuendelee kusali ukubwani. Maneno peke yake yasingetosha.

Paulo anapomwandikia Timotheo, anataja imani iliyokaa kwanza kwa nyanya yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Naye anawataja kwa majina.

Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, na siku chache baadaye mitaa mingi ikaamriwa kuhama, tulitawanyika: wengine Sake kwa miguu, wengine Bukavu kwa boti. Saa mbili usiku kila mmoja alianza majina yaleyale, popote alipo. Mtandao ukikubali, tulisikilizana kwenye simu. Ukikataa, nilijua bado kuna mtu ananitaja.

Jambo moja nawasihi sana: msimgombeze mtoto ndani ya sala. "Ee Mungu, mbadilishe huyu mvivu" ni fimbo, na mtoto anaisikia hivyo. Una neno naye? Mwite mchana, mzungumze. Kijana asiyetaka kusali kwa sauti aketi tu. Mdogo wangu wa Lubumbashi haendi tena kanisani, lakini Jumapili hupiga simu kuulizia wagonjwa wetu mmoja mmoja, na hamsahau yeyote.

Mtoto mdogo kabisa mpeni zamu ya kumtaja amtakaye. Wangu humtaja motari, yule dereva wa pikipiki anayempeleka shule. Alipovunjika mguu, mtoto ndiye aliyetuuliza tutampelekea nini.