Mbwa watano uani na kobazi la jirani

Ilikuwa Ijumaa, saa sita na ushei mchana. Mzee jirani yangu alisimama getini amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia kichwani, mguu mmoja una kobazi na mwingine uko peku. Kobazi la pili alikuwa amelining'iniza kwenye ncha ya kijiti, mkono ameunyoosha mbali na kanzu. Ukanda ulikuwa umetafunwa mpaka kwenye soli na bado unadondosha mate. Hakupandisha sauti. "Mwanangu," akasema, "hili si la kuosha tena. Hili la kuzika."

Mhalifu mwenyewe, Kijiko, mtoto wa mbwa wa miezi mitatu na nusu, alikuwa amejinyoosha kivulini chini ya karo la kufulia, amelala fofofo.

Anayefuga mbwa kwenye mitaa yetu ya Dar anajua uzito wa jambo hili. Kwa jirani yangu, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo, na hapo swala ya Ijumaa ilikuwa inamsubiri. Mjukuu wake alimletea malapa, akaondoka. Jioni nilikwenda kwake na makobazi mapya na ndoo ya udongo safi, maana kama Kijiko alifika barazani kuchukua kobazi, nani ajuaye kama hakuramba na birika la udhu njiani? Mzee akaupokea ule udongo kwa mikono miwili, akasema hakutegemea kuletewa. Tangu siku hiyo tunasalimiana vizuri kuliko zamani, ila makobazi yake sasa hukaa juu ya dirisha.

Niliporudi nyumbani nilipima uwazi ulio chini ya geti letu. Ulikuwa pungufu kidogo ya shubiri. Mtoto wa mbwa akipitisha kichwa, mwili unafuata tu. Tofali nne na kipande cha wavu wa kuku vilimaliza kazi ambayo nilikuwa nimeihangaikia wiki tatu kwa kelele na kandambili mkononi.

Tunaishi Goba, na ua wetu ni wa kawaida tu. Chausiku, jike mweusi wa miaka tisa, ndiye mkuu wa boma. Bosi ni dume wa miaka minne, mwili wa ndama, akili bado inakuja. Rangi, jike wa miaka miwili, ndiye mama wa Kijiko na kaka yake Karanga. Alizaa sita. Wanne walipata kwao. Hawa wawili waliahidiwa kwa watu ambao, watoto walipofikisha wiki nane tu, simu zao zikaacha kupatikana. Ndivyo nilivyojikuta na mbwa watano, na ndiyo maana naandika haya, kwa sababu nyumba yenye mbwa wakubwa tayari haiendeshwi kama nyumba yenye mtoto mmoja wa mbwa. Kwa miezi miwili nilidhani shida yangu ni watoto wawili watundu. Kumbe nilikuwa na mwalimu mzuri uani, na kila siku namfukuza kazi.

Mwalimu huyo ni Chausiku. Karanga alikuwa na mchezo wa kumng'ata sikio akiwa amelala. Mara ya kwanza Chausiku anageuza kichwa. Mara ya pili anakuwa mgumu mwili mzima, anatazama kwa pembe ya jicho. Mara ya tatu anainua mdomo meno yanaonekana, anaguruma chinichini. Karanga asiposikia, anabanwa chini kwa pua, sekunde moja, basi. Karanga anapiga yowe kama anayechinjwa, majirani wote wanajua. Na mimi nikawa natoka jikoni mbio na fagio: "Wewe Chausiku! Mtu mzima hovyo!"

Mtoto hana hata mkwaruzo. Anajikung'uta, anamrudia bibi kwa adabu, kichwa chini, anamlamba mdomo. Lakini mimi nimeshamkaripia Chausiku, nimemfungia bandani, nimembeba Karanga kama mgonjwa. Nilifanya hivyo kwa wiki nzima, na Chausiku akaacha kuguruma. Nikajisifu kwamba amezoea. Siku chache baadaye Karanga alimparamia akiwa na mfupa, na safari hii hakukuwa na kutazama wala kuguruma, ni jino moja kwa moja. Mdomo wa chini wa Karanga ulichanika, tukaenda kushonwa.

Daktari wa mifugo aliniuliza swali moja tu: "Huyu mkubwa huwa anaonya?" Nilipomweleza habari ya fagio akatikisa kichwa. Nilikuwa nimemfundisha Chausiku kwamba kuonya ni kosa, naye akabaki na kung'ata.

Kwa hiyo sasa akiguruma namwacha. Naingilia ikiwa mtoto amekimbia na mkubwa bado anamfukuza, ikiwa anamshika na kumtikisa, au ikiwa mtoto hataki kumwachia bibi apumzike. Hapo namwondoa mtoto, simgombezi mkubwa. Na nimempa Chausiku mahali pasipofikika: kitanda cha mbao, urefu wa goti na zaidi kidogo, karibu na mlango wa jiko. Watoto walipokuwa wadogo hawakuweza kupanda. Siku aliyopanda juu na kugundua hakuna anayemfuata, alilala mchana kutwa. Bosi yeye hahitaji kitanda, anahitaji kuangaliwa asiwakanyage akicheza.

Chakula. Zamani nilikuwa namwaga ugali wa dona na mapupu kwenye karai moja, wote wanazunguka, napenda kuwaangalia. Ukiwa na watoto wa mbwa, karai moja ni ugomvi wa kujitakia. Anayekula taratibu anashinda njaa, anayekula mbio anatapika, na mtoto anajifunza kwamba chakula ni vita. Sasa kila mmoja ana sufuria yake na kona yake. Bosi hufungwa kamba, watoto hula ndani ya banda mlango umefungwa, na baada ya robo saa nakusanya vyombo vyote, kilichobaki kimebaki. Watoto walikula mara tatu kwa siku mpaka walipokaribia miezi sita, wakubwa mara mbili. Dagaa nawaosha mchanga kwanza. Mchuzi wa vitunguu siwamwagii, maana vitunguu, viwe vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu ya mbwa. Na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Kaa nayo mbali hata siku ya sikukuu watu wakikuambia mbwa wao wanakula miaka yote na hawajafa.

Sasa wizi. Kijiko aliitwa Kijiko kwa sababu hicho ndicho kitu cha kwanza alichoiba. Baada ya hapo zikafuata soksi za shule, kitana, kitambaa cha kupigia deki, na siku moja kanga mpya ya dada anayetusaidia nyumbani, iliyovutwa kutoka kwenye kamba, Kijiko ameshika pindo huku na Karanga pindo kule. Dada alipiga kelele, mimi nikakimbia, Bosi akaona ni mchezo akajiunga. Tulizunguka nyumba mara nne. Kanga iliyokuwa na methali nzima ilibaki na methali nusu.

Ukimfukuza mtoto wa mbwa aliyeiba, umemlipa. Ametafuta mtu wa kucheza naye na amempata, tena mzima, tena anapiga makelele. Kilichotuokoa ni kopo la maziwa ya unga lenye dagaa wakavu ndani. Nalitikisa, natembea kinyume na alipo mwizi, sina habari naye. Anakuja. Dagaa mmoja kwa kitu kimoja, kitu kinawekwa juu, maisha yanaendelea. Wiki ya kwanza dada aliniambia nawafundisha kuuza mali ya wizi, na hakukosea sana: Kijiko alianza kuniletea vitu mwenyewe, anaviweka miguuni, anakaa, anatazama kopo. Mimi nimeridhika. Bora aniletee soksi kuliko aimeze.

Kutafuna kwenyewe huwezi kukuzuia. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, na kuanzia kama miezi minne mpaka sita hivi yanang'oka kupisha 42 ya ukubwani. Fizi zinawasha. Niliokota jino moja kwenye zulia la mlangoni, dogo kama punje ya mchele, lina ncha kama sindano, nikamhurumia mara moja kila mguu wa kiti uliokwisha kuonja hayo meno. Wape cha kutafuna kabla hawajajichagulia. Mimi nalowesha kitambaa kizee, nakipiga fundo, nakigandisha kwenye friji. Karoti ya baridi pia. Dafu lililokwisha kunywewa wanalipenda kufa, wanalisukuma uani kama mpira, ila likianza kutoa nyuzi naliondoa, nyuzi zikimezwa zinaweza kuziba utumbo.

Kuna jambo moja lililonichukua muda mrefu kuliona. Kila siku jua likikaribia kuzama, wale wawili walikuwa wanapandwa na wazimu: mbio za duara, kung'ata vifundo vya miguu, kubwekea ndoo. Nilidhani wana nguvu nyingi, nikawa nawachosha zaidi kwa kuwakimbiza na Bosi. Wakazidi. Kumbe ni usingizi! Mtoto wa mbwa katika umri ule anahitaji kulala saa 18 mpaka 20 kwa siku, na kwenye nyumba yenye mbwa wengine watatu, geti linalogongwa na watoto wa binadamu wanaorudi shule, nani atalala? Nilianza kuwaingiza bandani mchana, kila mmoja upande wake, gunia juu ya dirisha kuleta giza. Walilia dakika kumi. Siku ya tatu walikuwa wanakwenda wenyewe. Wazimu wa magharibi ulipungua kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu.

Habari ya haja ndogo nitaipita haraka. Akiamka, akila, akimaliza kucheza, toka naye nje, akimaliza msifu hapohapo. Mtoto wa miezi miwili hawezi kujibana zaidi ya saa mbili tatu. Usimsugue pua kwenye mkojo. Atakachojifunza ni kukojoa nyuma ya kochi usipomwona.

Wale wawili kuwa ndugu kulileta shida nyingine ambayo mbwa wakubwa hawakuweza kuitatua. Walikuwa wanasikilizana wenyewe kwa wenyewe, mimi ni mleta sufuria tu. Nikianza kumwita mmoja, anamtazama mwenzake kwanza. Chanjo zao zilipokamilika nikaanza kwenda nao gengeni mmoja mmoja. Kijiko alitembea kama diwani. Karanga, ambaye uani ndiye jasiri wa kung'ata masikio, alifika mita ishirini kutoka getini, bodaboda ikapita, akakaa chini na kulia. Hakuwahi kuwa peke yake hata siku moja, na mimi nilikuwa sijui. Sikumvuta. Nilikaa naye pembeni ya barabara na dagaa mfukoni, bodaboda ikipita dagaa, ikipita dagaa, mpaka wauza mchicha wakaniuliza kama niko sawa. Tulifika gengeni siku ya sita. Ukiweka watoto wawili wa tumbo moja, anza kuwatenganisha kidogokidogo mapema kuliko nilivyofanya mimi.

Nimesema chanjo zilipokamilika. Hapo sina utani. Miaka kadhaa nyuma nilichelewesha chanjo ya mtoto mmoja nikisubiri mshahara, parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, ikampitia: kutapika, kuhara damu, siku tatu. Virusi vile hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka, kwa hiyo ua uliowahi kuuguza parvo si mahali pa kuleta mtoto mpya asiyechanjwa. Hawa walianza wiki ya sita, wakarudiwa kila baada ya wiki tatu hivi mpaka walipotimiza wiki 16, na ya kichaa cha mbwa walichomwa wakiwa na miezi mitatu. Dawa ya minyoo inaanza mapema zaidi, wiki ya pili, kwa sababu minyoo wanaipata kwa mama yao tangu tumboni na kwenye maziwa. Na usimwogeshe mtoto wa mbwa kwa dawa ya kupe ya ng'ombe eti umepunguza kipimo. Mwulize bwana mifugo dawa ya umri wake.

Watoto wako wakikwaruzwa na meno katika kucheza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Kama mbwa hajachanjwa au alikuwa ametoroka usiku, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Rangi tumemfunga kizazi mwezi uliopita, Kijiko zamu yake inafuata, na Karanga atahasiwa kabla hajaanza kumtazama dada yake kwa jicho jingine. Juzi mzee jirani alinisimamisha njiani. Kuku wake wanaibwa, akasema, na mbwa wa ulinzi anaruhusiwa, akae nje na awe na chombo chake. Akaniomba nimwekee mtoto mmoja wa uzao ujao. Nikamwambia mzee, kiwanda kimefungwa. Akatembea hatua kadhaa, akasimama, akageuka.

"Na huyo aliyekula kobazi," akasema, "huwa analala usiku?"