Barua kwa mwanangu: kabla hujasaini

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kikohozi cha baba yako kimeondoka, na anakusalimu huku akijifanya hajui ninaandika nini.

Umeuliza swali fupi: usaini ule mkataba wa tamthilia ya televisheni, misimu mitatu, au ubaki jukwaani na wenzako mlioanza pamoja? Ulitaka ndiyo au hapana, na mama yako unamjua. Swali ninaloliona mimi ni jingine kidogo: utavumilia kazi yako ikimaliziwa na mtu mwingine, katika chumba ambacho wewe humo? Hilo ndilo ninaloweza kulijibu, maana lilinikuta.

Ile filamu yangu unaifahamu, ingawa humu nyumbani haitajwi jina. Kisa chake umekisikia kwa shangazi yako, na kila akikisimulia kinanenepa. Upande wangu sijawahi kukueleza wote.

Nilipewa nafasi ya mjane anayetembelewa na mtu aliyemdai mumewe hadi kaburini. Onyesho moja, lakini lilikuwa na maneno, ukurasa mzima na zaidi, na mengi yalikuwa yangu. Nilikuwa natoka jukwaani, maneno hayakunitisha. Kilichonisumbua ni glasi ya maji. Mwongozaji aliniambia ninywe, nikanywa. Kisha wakahamisha kamera na taa ili turudie yote kutoka upande wa pili, na yule dada wa mwendelezo akaja na daftari lake: glasi uliinua kwa mkono wa kushoto, ulipofika kwenye neno "deni". Sikuwa na habari! Jukwaani glasi unaiinua moyo unapokutuma, na kesho moyo ukikutuma mapema zaidi hakuna anayekudai. Mbele ya kamera, usipoinua pale pale, kwa mkono ule ule, mhariri atashindwa kuunganisha vipande viwili, na akishindwa atatumia kile ambacho wewe huonekani. Kwa hiyo unalia kweli, na wakati huo huo unahesabu maneno.

Halafu hawapigi picha kwa mpangilio wa hadithi. Wanakwenda na eneo, na mwanga, na ratiba ya nyota wao. Mimi nilianza na ujane. Nilimlilia mume ambaye hata hatujasalimiana. Alikuja wiki iliyofuata, kijana mpole sana, tukapiga picha za harusi.

Nilifanya vizuri, mwanangu. Sitajishusha hapa ili nionekane mnyenyekevu. Tulipomaliza, fundi sauti alivua hedifoni akanitazama, na wale watu hawatazami mtu.

Siku ya kuonyeshwa tulijaza safu nzima. Babu yako alivaa koti, yeye ambaye unakumbuka alikuwa anaita kazi hii "mchezo wa kuchelewa kulala". Filamu ikaenda, mlango ukafunguliwa, mdai akaingia. Kamera ikaja usoni kwangu ikatulia. Yeye anasema, mimi namsikiliza. Anasema tena, namsikiliza. Akamaliza, akatoka, na filamu ikahamia kwa watu wengine. Neno langu hata moja halikuwapo. Nilikaa nikisubiri, nikidhani labda watarudi. Ndipo shangazi yako akapaza ile sauti yake: "Mbona hajajibu?" Ukumbi mzima ukacheka.

Babu yako hakucheka. Tulipotoka aliniambia, "Umemsikiliza vizuri yule mtu." Basi. Amekufa bila kunifafanulia, na mpaka leo nikikosa usingizi naigeuza sentensi hiyo, mara ni sifa, mara ni huruma, mara ni mzee tu anayejaza ukimya akitafuta gari.

Kwa hiyo ile kauli yangu ambayo wewe na kaka yako mmezoea kunimalizia, mwigizaji mtazame anaponyamaza, ilizaliwa usiku ule. Yeyote aliyehifadhi maneno anaweza kuyasema. Anayemsikiliza mwenzake kama vile leo ndiyo mara yake ya kwanza kuyasikia, wakati ameyasikia mazoezini hadi yamechuja, huyo ndiye. Na kamera inalijua hilo kuliko ukumbi. Jukwaani unaweza kuwadanganya wa safu ya nyuma kwa bega na sauti. Picha ya karibu inaona jicho lililokwisha kujua jibu.

Ila nijiulize mwenyewe, kwa kuwa ninakuandikia wewe na si wanafunzi wangu: hiyo ni imani au ni faraja? Wangeyaacha maneno yangu, si ajabu leo ningekuwa nahubiri "mtazame anaposema". Huwa napenda kumtaja Viola Davis, unajua. Filamu ya "Doubt" ya mwaka 2008: onyesho moja kubwa, dakika chache, ana kwa ana na Meryl Streep, na likatosha kumpeleka kwenye orodha ya wawania Oscar. Nimelitumia kama ushahidi wangu miaka yote. Lakini ukilitazama tena, yule mama anasema! Anasema sana, na hakuna aliyemkata. Shahidi wangu ananigeuka mahakamani.

Hata hivyo simwachii, maana ana jambo jingine la kukuhusu. Mwaka 2010 aliigiza "Fences", igizo la August Wilson, kwenye majukwaa makubwa ya New York wanayoyaita Broadway, akiwa na Denzel Washington, wote wawili wakatunukiwa Tony, tuzo ya jukwaa. Filamu yake ikatoka 2016, wao wawili tena, na kwa nafasi ile ile akachukua Oscar. Alifika mbele ya kamera akiwa ameishi na yule mwanamke usiku baada ya usiku mbele ya watu wanaopumua. Lupita Nyong'o naye alipata Oscar mwaka 2014, filamu yake ya kwanza kubwa, na mlango wowote ungemfungukia. Mwaka uliofuata alikuwa jukwaani New York katika "Eclipsed" ya Danai Gurira, igizo ambalo akiwa mwanafunzi Yale alikuwa mwigizaji wake wa akiba, na 2016 likaingia Broadway. Akarudi jukwaani mwenyewe, bila kufukuzwa na mtu. Kwa hiyo yule rafiki yako anayesema ukivuka huko hurudi, mwambie jukwaa na kamera si wake wenza.

Baba yako anapita nyuma yangu anasema hao ni nyota, wana mawakili. Kweli. Wewe una mimi, kwa hiyo nisikilize.

Misimu mitatu ni ya nani? Mara nyingi mtayarishaji ndiye mwenye hiari ya kuendelea au kukuacha, na wewe ndiye uliyefungwa kumsubiri. Soma kama wanakulipa wakati wa kusubiri huko. Tazama kifungu cha kazi nyingine: kama kinasema hutaigiza popote bila idhini yao, uliza kama jukwaa limo, na uandikiwe, usipewe kwa mdomo. Tazama malipo ya marudio, tamthilia ikiuzwa kwingine. Na kile cha sura na sauti yako kisome mara mbili. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma siku 118, kuanzia Julai hadi Novemba, na moja ya mambo waliyoyapigania ni kwamba nakala ya mwigizaji iliyotengenezwa kwa kompyuta isitumike bila ridhaa yake na bila malipo. Wao walikuwa na chama kikubwa nyuma yao na bado iliwachukua miezi. Mimi walinikata maneno, wakaniachia uso. Ninyi mnaweza kuongezewa maneno ambayo hamkuyasema.

Nikisoma nilichoandika, naona kama ninakutisha usiende. Sikutishi. Ile siku ya mjane, kabla ya mkasi wa mtu yeyote, ilikuwa kati ya siku bora za maisha yangu ya kazi, na hakuna aliyeikata. Na jukwaa lenyewe usilitukuze kupita kiasi. Nimeigiza usiku mvua inanyesha mbele ya watazamaji wachache kuliko sisi, na mmoja wao alikuwa mlinzi. Ulikuwapo, ulikuwa mdogo, ulilala kwenye sanduku la maleba. Uhuru ule wa kuinua glasi unapotaka haulipi kodi ya nyumba, na wewe una nyumba ya kulipia. Halafu tena... hapana. Nilikuwa nakaribia kusema.

Baba yako amesoma hadi hapa, anasema nimeshakujibu ila nimejificha nyuma ya shangazi yako. Sijakujibu. Ningekuwa mimi, kwa umri wako, ningejua la kufanya, lakini ningekuwa mimi. Nitumie mkataba mzima, pamoja na yale maandishi madogo ya mwisho, na uwaulize kati ya msimu na msimu wanakuachia miezi mingapi. Wakisema hakuna hata mmoja, hapo nitakuwa na neno, na safari hii hakuna mhariri.

Mama yako