Mkweo hakuwatia watoto hofu, bibie

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili, wa miaka minne na minane, tunaishi Makorora, Tanga, na mama mkwe. Paka wao amekufa ghafla. Ili wasilie niliwaambia amepelekwa Pangani, nikamtia kwenye kiroba na dada wa kazi akamtupa jalalani. Mama mkwe akaenda kumchukua, akamzika uani mbele ya watoto. Huo si ushirikina? Sasa mdogo anakojoa kitandani, mkubwa haniongeleshi, na mume wangu yuko upande wa mama yake. Paka alilegea siku mbili, fizi zikawa nyeupe, lakini hatukumfanya lolote. Nyumba yangu safi, hata panya nimewamaliza wote mwezi huu. Jumamosi nawaletea paka mwingine, yaishe. Mama mkwe nimfanyeje? – Mama Wawili*

Marahaba, na poleni. Umeandika "ghafla", halafu unasema alilegea siku mbili. Hamkumfanya lolote, ila panya wamekwisha. Wamekwishaje? Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani huzuia damu kuganda. Panya hafi papo hapo. Huzubaa siku kadhaa, na aliyezubaa ndiye paka humdaka bila jasho. Damu ikivuja ndani kwa ndani, fizi hupauka. Sikumwona paka wako, lakini dalili ulizozitaja ni hizo hizo, na vitamini K ya daktari wa mifugo, ikitolewa mapema, huokoa.

Kwa hiyo huogopi kilio cha watoto. Unaogopa swali la yule wa miaka minane: nani kamuua? Kama alikuona ukiitega, jibu analo, ndiyo maana kakununia. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mkalishe peke yake, simu uiweke mbali. "Niliweka sumu ya panya, sikujua itamfikia paka. Na habari ya Pangani nilikudanganya. Nisamehe." Kisha nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike, usianze kujitetea kuwa panya walikula unga.

Mdogo ni mambo mengine. Mtoto wa miaka minne hajajua kwamba aliyekufa harudi, kwa hiyo atauliza leo, kesho na mtondo, na jibu liwe lile lile: "Amekufa. Hapumui, hasikii njaa, haumwi, hatarudi." Ukimwambia amelala, atagoma kulala. Ukimwambia amesafiri, baba yake akipanda basi la Dar utamtafutia pa kumshika. Mwulize pia kama anadhani yeye ndiye kasababisha, maana watoto wa rika hilo hudhani hivyo kwa kumvuta paka mkia tu. Kukojoa kitandani ni kawaida kwa mtoto aliyeshtuka: badilisha shuka, usimchape, usimseme mbele za watu, alale saa ile ile kila siku. Wiki zikipita bila nafuu, mpeleke kituo cha afya.

Ushirikina uko wapi? Mkweo hakumsalia paka, alimfukia. Kunguru ndiye aliyemwonyesha mwana wa Adamu namna ya kufukia, imo katika Surat al-Maida, na kunguru wa Makorora ndio wangemfumua paka wako watoto wakipita kwenda shule. Tena mzoga wenye sumu ukiachwa jalalani unaua na mbwa. Wewe kaangalie tu kina: mchanga wetu mwepesi, chini ya nusu mita mbwa atafukua, kwa hiyo ongeza mawe juu, na pawe mbali na kisima. Walioushika mzoga wanawe kwa sabuni. Na kama paka aliwahi kumng'ata au kumkwaruza mtoto siku zile za mwisho, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, uende hospitali leo hii. Kichaa cha mbwa hata paka hukipata, na hakisubiri Jumamosi.

Ndoa za siku hizi, jamani! Mke akikosea, kesi anafunguliwa mkwe, na mume akikataa kuwa hakimu anaambiwa hampendi mkewe. Mumeo kakwambia neno moja la haki, umelileta kwangu ulibatilishe. Silibatilishi. Mama mkwe mwamkie asubuhi, mshukuru, na watoto wakitaka kupanda asumini pale kaburini, mwachie yeye awasimamie.

Paka wa Jumamosi, hapana. Ukimleta sasa unawafundisha kwamba aliyekufa hubadilishwa kama betri ya rimoti, na panya wenye sumu bado wamo darini. Okota chambo zote, ziba matundu, unga na dagaa uvitie kwenye ndoo zenye vifuniko, tumia mtego wa waya, na kila panya utakayemkuta mfu mfukie. Subiri wiki kadhaa, mpaka watoto waombe wenyewe, ndipo utafute aliyeacha kunyonya, wa wiki nane au zaidi, na umpeleke kuchanjwa mara atakapofikia umri atakaoutaja daktari wa mifugo.