Yatima aliyekwisha kua, nani atamchukua?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi na wenzangu wa darsa la akina mama, Mbagala, huwa tunatembelea makao ya watoto yatima. Vichanga hupata walezi upesi, lakini wa miaka 9 mpaka 13 wanabaki palepale miaka nenda rudi. Nimeanza kuwasemea kwa majirani na kwenye magrupu ya WhatsApp, nikituma na picha zao. Mume wangu anasema nina kimbelembele, tena mtoto mkubwa si maharimu (mtu ambaye dini hairuhusu kuoana naye), kwa hiyo dini yenyewe haitaki aingie nyumbani kwa watu. Je, nakosea?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, mumeo ana hoja moja ya kweli, ila ameipeleka pasipo pake.

Mtume (s.a.w.) alizaliwa baba yake ameshafariki. Akiwa na miaka 6 mama yake, Bi Amina, akafia Abwaa, wakiwa njiani kurudi Makka. Babu yake Abdul Muttalib akamlea, naye akafariki mtoto akiwa na miaka 8. Hapo ndipo alipochukuliwa na ami yake Abu Talib, mtu mwenye watoto wengi na mali kidogo. Miaka 8! Kwa vipimo vya walezi wetu wa leo angeambiwa huyu keshakomaa, hazoeleki. Allah anapomkumbusha katika Surat Dhuha kwamba alimkuta yatima akampa makazi, makazi hayo aliyapata kwa mara ya tatu.

Watu huogopa tabia za mkubwa. Umar bin Abi Salama, mtoto wa kambo wa Mtume, anasimulia mwenyewe kuwa mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku kwenye sahani. Mtume akamwambia: kijana, mtaje Allah, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Yakaisha. Hakuna aliyeitisha kikao cha familia.

Sasa umaharimu. Ni kweli, kulea hakuzalishi umaharimu, na kumnyonyesha ili awe maharimu hakusaidii akishapita miaka miwili, kwa kauli ya wanazuoni wengi. Akibaleghe, hukumu za stara na faragha zinamhusu. Lakini hilo ni swali la mtoto gani aende nyumba gani. Mjane anayeishi na binti zake anaweza kumchukua msichana wa miaka 12 bila tabu yoyote. Nyumba ya chumba na sebule yenye mabinti waliobaleghe, mvulana wa miaka 13 asipelekwe huko. Basi, mnapowasemea, wasemeeni kwa mpango huo.

Jina la baba yake libaki, kwa aya ya 5 ya Surat Ahzab. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina njia mbili: malezi ya kambo, yaani kumlea bila kumfanya mwanao kisheria, na kuasili, yaani kumfanya mwanao kisheria, na amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu. Ya kwanza iko karibu zaidi na kafala yetu, yaani kumlea yatima kwa taratibu za Kiislamu, anzeni kwa afisa ustawi wa jamii. Kwa dini yetu urithi hana, ila unaweza kumuusia isiyozidi thuluthi ya mali yako.

Picha ziache, dada yangu, na ulizotuma zifute. Msichana wa miaka 11 ana wanafunzi wenzake, nao wana simu za mama zao. Sema umri na anachopenda, inatosha.

Nami sijitoi. Ramadhani moja tulipeleka futari, tende na juisi kwa maboksi, tukapiga picha na vichanga mapajani. Wavulana wakubwa ndio waliotubebea viti, kisha wakasimama nyuma. Sikumuuliza hata mmoja jina lake.

Kwa hiyo mumeo usimshinde kwa aya. Mwombe mwende wote siku ya kawaida, isiyo na wageni, mkae na wale wakubwa wakati wanaosha vyombo.

Wallahu a'lam.