Maswali ya Wasomaji: Ushahidi wa mtoto peke yake unasimama kwenye rufaa?

SWALI: Mheshimiwa Wakili, ninamlea mtoto wa marehemu dada yangu. Alibakwa akiwa na miaka 12 na mtu tunayeishi naye mtaa mmoja. Mahakama ya Wilaya ilimtia mtu huyo hatiani na kumfunga miaka 30, lakini amekata rufaa Mahakama Kuu. Majirani wananiambia atatoka, kwa sababu hakuna aliyeshuhudia tukio isipokuwa mtoto mwenyewe, alikaa siku nne kabla ya kusema, na fomu ya PF3 (ile ya polisi ambayo daktari huijaza baada ya kumpima mwathirika) ilipokelewa mahakamani bila kusomwa. Majaji watamwaminije mtoto ambaye hawatamwona wala kumsikia?
Mama mlezi, Morogoro

JIBU: Mama, pole kwa yaliyowafika. Nianze na hilo la kukosekana kwa shahidi mwingine, kwa kuwa ndilo linalowapotosha wengi. Sheria yetu haidai shahidi wa pili katika makosa ya kujamiiana. Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, Sheria ya Ushahidi, katika kifungu ambacho mawakili wamekijua kwa miaka mingi kwa namba 127, inairuhusu mahakama kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, mradi iridhike kwamba anasema kweli tupu na iandike sababu zilizoifanya iridhike. Mahakama ya Rufani nayo, katika uamuzi uliomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 2006 na ambao bado unanukuliwa mara kwa mara katika rufaa za aina hii, ilisema kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe.

Kuna upande wa pili wa kanuni hiyo, ambao mawakili wa warufani, yaani waliokata rufaa, hawausahau hata siku moja. Mahakama hiyohiyo imeonya kwamba neno la mwathirika halipokelewi kama neno la kitabu kitakatifu. Ni lazima lipimwe. Naona onyo hilo ni la haki, kwa sababu kifungo cha miaka 30 hakiwezi kusimama juu ya huruma.

Sasa nijibu swali lako lenyewe. Ni kweli kwamba majaji hawatamwona mtoto. Namna alivyosimama kizimbani, alivyosita au alivyolia aliviona hakimu peke yake, na ndiyo maana mahakama za juu huheshimu sana maoni yake kuhusu mwenendo wa shahidi. Zipo hata hivyo njia mbili za kupima ukweli ambazo zimo katika maandishi: kuangalia kama maelezo ya shahidi yanashikana yenyewe kwa yenyewe, hasa aliposimama kujibu maswali ya dodoso, yaani yale ya upande wa mshtakiwa, na kuyalinganisha na ushahidi wa wengine, ukiwamo utetezi wa mshtakiwa. Rufaa ya kwanza, kama hiyo yenu, ni kusikilizwa upya kwa shauri kwa njia ya karatasi, kwa hiyo Jaji anawajibika kuupitia ushahidi wote na kufikia uamuzi wake mwenyewe. Shauri likipanda hadi Mahakama ya Rufani mambo hubana zaidi, kwani rufaa ya pili ni ya hoja za kisheria, na pale ambapo mahakama mbili za chini zimekubaliana juu ya ukweli wa tukio, majaji hawaingilii mpaka waone kwamba ushahidi ulieleweka vibaya au kanuni ya sheria ilikiukwa.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea kilichoandikwa siku ile, na hapa nasema wazi: hukumu nyingi ninazozisoma hazianguki kwenye rufaa kwa sababu mtoto amedanganya, bali kwa sababu watu wazima waliokuwa na kalamu hawakuandika inavyopasa. Mfano ni umri. Juu ya ukurasa wa ushahidi utakuta jina la shahidi, miaka yake, dini yake na shule anayosoma. Wengi hudhani hapo umri umeshathibitishwa, lakini Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba taarifa hizo huandikwa kabla shahidi hajaapa au kuahidi, hivyo si ushahidi, kama ambavyo umri uliotajwa kwenye hati ya mashtaka si ushahidi. Ni lazima mtoto, mzazi, ndugu au daktari autamke katika ushahidi wake, au cheti cha kuzaliwa kitolewe. Huenda wewe mwenyewe ulisimama kuwa shahidi. Kama ulitaja mwaka aliozaliwa binti, umeziba pengo kubwa.

Lipo pia suala la ahadi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila ni lazima kwanza aahidi kwamba atasema kweli na hatasema uongo, na ahadi hiyo ionekane kwenye kumbukumbu. Mashauri mengi yamevunjika hapo, ushahidi wote wa mtoto ukahesabiwa kuwa hauna thamani. Miaka ya karibuni baadhi ya majaji wamelitazama jambo hili kwa upana zaidi, wakishikilia kwamba mtoto anayeaminika asitupwe kwa kosa la hakimu. Nami naunga mkono mtazamo huo, ingawa nisingemshauri hakimu yeyote auegemee.

Kuhusu siku nne, kuchelewa peke yake hakuui kesi. Kanuni ni kwamba shahidi anayemtaja mhusika mapema anaaminika zaidi, na anayechelewa bila maelezo anaifanya mahakama ijiulize. Neno zito hapo ni «maelezo». Kama binti alisema kwamba alitishiwa kuuawa, au kwamba alikuwa akiishi jirani na mtu huyo na akaogopa, na hilo likaandikwa, Jaji ana la kushika. Vivyo hivyo kwa maelezo ya kitendo: kusema tu «alinibaka» hakutoshi, kwa sababu ni lazima ionekane kwamba kuingiliwa kulikuwapo, japo kwa kiasi kidogo, lakini mahakama imekubali pia lugha ya staha ambayo watoto wetu hulelewa nayo, pale maana inapoeleweka bila utata.

PF3 ambayo haikusomwa baada ya kupokelewa huenda ikafutwa kwenye kumbukumbu, na msishtuke ikitokea hivyo. Daktari aliyetoa ushahidi kwa mdomo juu ya alichokiona, maneno yake hubaki. Vilevile daktari anaweza kueleza jeraha, lakini hawezi kumtaja aliyelitia.

Ikiwa Jaji atakuta kasoro katika uendeshaji wa kesi, anaweza kuagiza shauri lisikilizwe upya, ingawa hawezi kufanya hivyo ili tu upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo yake. Kanuni hiyo ipo tangu mwaka 1966. Na akimwachia mrufani huru, kumbuka kwamba mjibu rufaa, yaani upande wa pili katika rufaa hii, ni Jamhuri, si wewe, kwa hiyo muone mapema Wakili wa Serikali anayelishughulikia shauri, umuulize kama Mkurugenzi wa Mashtaka atakata rufaa, kwa sababu taarifa ya kwenda Mahakama ya Rufani hutakiwa kutolewa ndani ya siku 30 tangu hukumu.